Vidole Vinapogoma: Dalili na Sababu kwa Mpiga Piano na Kinanda

Wanafunzi wengi hunijia wakiwa wameshajiandikia dawa. "Mwalimu, naomba zoezi la kuimarisha kidole cha nne." "Mwalimu, nipe kitu cha kuongeza spidi." Kijana mmoja, mpiga kinanda wa kwaya, alikuja Jumamosi moja akaniambia mkono wake wa kushoto umelala, anataka zoezi la kuuamsha. Nikamwambia akae, apige wimbo wowote anaoujua. Hakumaliza beti la kwanza nikawa nimeona kwamba mkono hauna kosa. Nitamrudia.

Zoezi la vidole halitofautiani na dawa ya malaria. Ukiimeza bila kupima, na homa kumbe ni ya taifodi, utabaki na homa yako na masikio yanavuma juu yake. Ndiyo maana hapa chini naanza na kile unachokisikia au kukihisi, kisha namna ya kupima, ndipo zoezi lije.

Kabla ya kulaumu kidole, tazama kiti

Makanisani na majumbani kinanda huwekwa juu ya stendi ya X, na mpigaji huvuta kiti cha plastiki chochote kilicho karibu. Kiti kile kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekula pilau harusini. Kinakuegemeza nyuma, kina mikono inayobana viwiko, na kimo chake hakibadiliki. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Weka vidole juu ya vitufe, mtu akutazame kwa ubavuni. Kigasha, yaani kipande cha mkono kati ya kiwiko na kifundo, kiwe sawasawa na sakafu, au kiwiko kiwe juu kidogo tu. Ukiwa chini, ongeza mto. Stendi ikiwa juu sana, ishushe tundu moja. Viwiko vikigusa mbavu, umesogea mno, rudi nyuma.

Wanaopiga wamesimama wana shida ya kinyume: stendi iko chini, kwa hiyo vifundo vimekunjika na mabega yameinama. Ipandisheni stendi. Najua kamera ya mtiririko wa ibada itawaona vibaya kidogo; vumilieni.

"Mkono unachoka, au unauma"

Hii naitanguliza kwa sababu inaweza kukutoa kwenye muziki kabisa.

Shika kigasha cha kulia kwa mkono wa kushoto, kisha chezesha vidole vya kulia. Kile unachokihisi kikitembea chini ya ngozi ndiyo misuli yenyewe. Vidole havina misuli ya kuvikunja. Huvutwa kwa kano kutoka kigashani na kiganjani, kama mwanasesere anavyovutwa kwa nyuzi. Kwa hiyo mtu anayesema vidole vyake vimechoka, kilichochoka ni kigasha, na mara nyingi kimechoka kwa kazi ambayo hakuna aliyekiomba.

Kazi hiyo ni kushikilia. Kitufe cha piano huzama kama sentimita 1 tu, na nyundo huachiliwa kuelekea waya kabla kitufe hakijafika chini kabisa. Sauti ikishatoka, nguvu unayoongeza haisikiki popote. Lakini wengi huendelea kukandamiza noti mpaka ijayo, kama mtu anayeshikilia mlango ambao umeshafungwa. Pima hivi: piga kodi yoyote (noti kadhaa kwa pamoja, siyo zile kodi za TRA), ishikilie, na mwenzako akusukume kifundo taratibu kutoka chini. Kikipanda bila ubishi na vidole vikabaki kwenye vitufe, uko salama. Kikiwa kigumu kama ubao, umepata sababu.

Zoezi lake ni la kitoto. Inua mkono mzima kutoka begani, uuache uangukie noti moja kwa kidole cha 3 (vidole huhesabiwa kuanzia gumba, 1, hadi kidole kidogo, 5). Sauti itoke nene. Papo hapo legeza, ubakize uzito wa kuzuia tu kitufe kisipande. Kila kidole mara nne, mkono mmoja mmoja, kabla ya kufungua kitabu chochote. Mwanafunzi mpya hulidharau zoezi hili, na huwa namwacha alidharau kwa wiki moja.

Ukijirekodi kwa simu kutoka ubavuni, tafuta mambo mawili zaidi: kidole gumba kinachoning'inia nje ya kinanda hadi kitakapohitajika, na kidole kidogo kilichosimama kama antena. Vyote viwili ni misuli inayokazwa bila sababu.

Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, alitaka kuwa mpiga piano mkubwa. Akiwa na umri wa miaka ya ishirini na kitu alipoteza uwezo wa kidole cha kati cha mkono wa kulia, na inajulikana kuwa alikuwa akitumia kifaa cha kukifunza kidole kwa nguvu. Wanahistoria bado wanabishana kama kifaa ndicho kilichomuumiza. Mimi sihitaji jibu lao ili kukuambia usifunge raba kwenye vidole wala usinunue vile vyombo vya springi vya kubana. Na maumivu yakiambatana na ganzi, au yakikuamsha usiku, nenda hospitali; mwalimu wa muziki hana dawa ya hapo.

"Skeli inajikwaa palepale kila mara"

Piga skeli ya C, yaani noti zake zikipanda kwa mfuatano, kwa mkono wa kulia, polepole, oktavu mbili (kutoka C hadi C ya pili juu yake), na usikilize badala ya kutazama. Noti gani ina kishindo? Karibu kila mara ni F au C. Pale ndipo gumba linapopita chini ya mkono: C, D, E kwa kidole cha 1, 2, 3, kisha gumba tena kwenye F.

Mwanafunzi atasema gumba lake ni zito. Si zito, limechelewa. Lilibaki limelala juu ya C wakati D na E zinapigwa, likakumbushwa dakika ya mwisho, na kiwiko kikaruka juu ili kulitupia F. Kishindo unachokisikia ni uzito wa mkono mzima ukitua. Gumba lianze safari mara tu linapoachia C, ili kidole cha 3 kinapogusa E, lenyewe liwe tayari juu ya F likisubiri. Zoezi ni noti nne tu: C, D, E, F, kisha urudi. Kiwiko kitulie, mkono uteleze kwa upande kama droo.

Ajabu ni kwamba skeli ya C, tunayoanza nayo sote kwa kuwa haina vitufe vyeusi, ndiyo mbaya zaidi kwa mkono. Chopin, mtunzi na mpiga piano wa Poland, alikuwa akiwaanzishia wanafunzi wake skeli ya B, yenye vitufe vyeusi vitano, kwa sababu vidole virefu hukaa juu ya vyeusi vilivyoinuka, na gumba fupi hubaki na vyeupe. Jaribu sasa hivi, mkono wa kulia: B kwa gumba, C-shapu (kitufe cheusi kilicho kulia kwa C) 2, D-shapu 3, E gumba, F-shapu 2, G-shapu 3, A-shapu 4, B kwa kidole cha 5. Kuisoma ni kazi, lakini mkono wenyewe unajikunja ulivyoumbwa.

Kwa wanaopiga na matarumbeta, ambao F, B-flati (kitufe cheusi kilicho kushoto kwa B) na E-flati ni chakula chao cha kila Jumapili, kuna siri ambayo ningefurahi kama mtu angenipa mapema. Katika skeli za F, B-flati, E-flati, A-flati na D-flati, gumba la mkono wa kulia huangukia F na C, na kidole cha 4 huangukia B-flati. Skeli tano, kanuni moja. Kinachobadilika ni kidole unachoanzia na unachomalizia tu. Mkono wa kushoto una mpango wake. Usijaribu kuubebesha kanuni hii.

"Noti nyingine zinapiga kelele, nyingine hazisikiki"

Hapa ndipo watu wanapoomba zoezi la kidole cha nne. Weka kiganja mezani, kunja kidole cha kati kiingie chini ya kiganja, vingine vinyooke. Sasa inua kimoja kimoja. Gumba litapanda, cha shahada kitapanda, kidogo kitapanda. Cha pete kitagoma, au kitapanda kidogo sana. Hakina udhaifu wowote. Kano zake zimeunganishwa na za jirani zake nyuma ya kiganja, na hakuna zoezi litakalozikata. Kwa hiyo acha kushindana na kidole hicho kwa kukiinua juu. Hakihitaji kwenda juu. Kinahitaji kwenda chini, na huko kinaweza.

Msaada hutoka nyuma yake. Kidole cha 4 au cha 5 kinapopiga, kigasha kisogee kidogo kielekee upande huo, ili kidole kiwe mwisho wa mstari ulionyooka kutoka kwenye kiwiko. Msogeo wenyewe ni mdogo, mtazamaji asiuone. Halafu chukua kipande kinachosumbua ukipige kwa mwendo wa kuchechemea: noti ndefu, fupi, ndefu, fupi. Kisha geuza: fupi, ndefu. Kila kidole kitapata zamu ya kupumzika na zamu ya kukimbia, na ukirudi kwenye mwendo wa kawaida noti nyingi zitakuwa zimejipanga zenyewe.

Na Hanon je? Kila mtu huuliza. Charles-Louis Hanon alitoa mazoezi yake 60 Ufaransa mwaka 1873, na leo yako kwenye simu za nusu ya wapiga kinanda ninaowafahamu. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na agizo la kuinua vidole juu, ambalo lilifaa piano nyepesi za zamani kuliko linavyofaa mkono wako, na kuyapiga yote saa nzima huku unatazama mpira kwenye televisheni. Chukua namba 1, vidole vikae karibu na vitufe, dakika tano, sikio likiwa kazini. Mazoezi ya mwanzo yako katika C yote. Ukishalizoea, lihamishie E-flati uone kama kweli umelizoea.

Kinanda chenyewe nacho kipimwe. Gonga kitufe kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Sauti zikilingana, kinanda chako hakitofautishi mguso, na miaka kumi ya mazoezi juu yake haitakufundisha kupiga kwa ukubwa na udogo. Tafuta piano hata mara moja kwa wiki.

"Mkono wa kushoto umelala"

Turudi kwa kijana wa Jumamosi. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga kodi zenye vidole vitatu vitatu, na sauti ya kwanza juu yake. Wa kushoto ulipiga noti moja ya besi, au oktavu, kila kodi ilipobadilika. Ndivyo alivyopiga miaka sita. Nikamuuliza ni lini mkono huo ulipewa jambo la kufikiria. Akacheka. Mkono haukuwa umelala, haujawahi kuajiriwa.

Watu wa kwaya wana njia fupi ambayo wanafunzi wa piano wa mjini hawana, nayo ni solfa. Chukua wimbo wa sauti nne. Mkono wa kushoto upige sauti ya tatu na ya nne, yaani teno na besi, jinsi zilivyoandikwa, na kinywa kiimbe sauti ya kwanza kwa do, re, mi. Mkono wa kulia ukae mapajani. Siku ya kwanza utashindwa kuimba au utashindwa kupiga. Punguza mwendo mpaka vyote viwili viwezekane, hata kama wimbo wa shangwe utageuka wa mazishi. Wiki ya pili geuza: kushoto besi peke yake, kulia teno peke yake, imba sauti ya kwanza.

Bach, mtunzi wa Ujerumani, alitunga vipande vyake 15 vya sauti mbili, nakala safi ikiwa ya mwaka 1723, akaandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ni kwa wanaotaka kujifunza kupiga sauti mbili kwa usafi na kupata namna ya kupiga inayoimba. Humo mkono wa kushoto mara nyingi hurudia ulichosema wa kulia. Ukifika mahali unaweza kupiga vipande viwili vya hivyo, hutaniuliza tena habari za mkono kulala.

"Naweza kupiga katika C tu"

Hili ni gonjwa la kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti zote za kinanda. Mwimbaji anaanzisha A-flati, mpigaji anabonyeza mara nne kushuka, anapiga C yake, ibada inaendelea na hakuna anayejua. Simlaumu anayefanya hivyo Jumapili asubuhi. Namlaumu anayefanya hivyo Jumanne akiwa peke yake.

Dalili hujitokeza siku utakapokaa mbele ya piano ya kweli, yenye vitufe 88 na isiyo na kitufe cha kukuokoa, au siku utakaposahau kwamba jana uliacha transpozi kwenye minus 4 na kwaya nzima ikaingia na wewe shimoni.

Sababu si vidole. Umekariri maumbo ya mkono badala ya kazi za noti. Msomaji wa solfa ana bahati asiyoijua, kwani kwake Do huhama: leo Do ni F, kesho Do ni A-flati, na So inabaki kuwa So. Chukua wimbo mmoja rahisi wenye kodi tatu, ya kwanza, ya nne na ya tano. Katika C ni C, F, G. Katika E-flati ni E-flati, A-flati, B-flati. Piga kwanza besi tu huku unaimba solfa, kisha ongeza kodi. Wimbo uleule, ufunguo mpya kila wiki. Kwa funguo 12 ni miezi mitatu, na ufunguo wa nne ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu hapo uvivu huwa umeshajua tunakoelekea.

"Polepole naweza, haraka kinavunjika"

Piga kipande kile mara tatu polepole, mtu aandike namba za vidole ulivyotumia. Mara tatu zikitoa mipango mitatu, tumemaliza uchunguzi. Mkono hauwezi kuharakisha kitu ambacho kila siku ni kipya. Andika namba kwa penseli, uzifuate hata pale zinapokuudhi.

Namba zikiwa thabiti na bado kinavunjika, basi mwendo unaotumia polepole haufai haraka. Kupandisha metronomu, yaani kifaa cha kugonga mapigo, kidogo kidogo peke yake hakutakuonyesha hilo. Utapanda mpaka ukutani na kukaa hapo. Changanya na njia nyingine: noti nne kwa kasi kamili, simama juu ya ya tano, legeza mkono, pumua. Kisha nne zinazofuata. Kisha unganisha makundi mawili. Ndani ya noti nne utajua mara moja kama mkono unaruka au unateleza. Metronomu iko ndani ya kinanda chako, na nyingine za bure ziko kwenye simu, kwa hiyo kisingizio cha kuikosa hakuna.

"Nyumbani sawa, mbele za watu naharibu"

Sehemu ya hili ni woga, na woga hupungua kwa kupiga mbele ya watu mara nyingi. Sehemu nyingine ni kwamba nyumbani huwa unaanza mwanzo kila ukikosea. Umejizoeza mwanzo mara mia na mwisho mara kumi. Gawa wimbo vipande sita, uandike namba kwenye vikaratasi, uvichanganye kwenye kikombe, uchote kimoja, uanzie hapo.

"Sauti inavurugika nikikanyaga pedali"

Unabadilisha pedali pamoja na kodi. Inua mguu wakati vidole vinapogusa kodi mpya, kanyaga tena baada ya kuisikia. Mkono kwanza, mguu ufuate. Dakika kumi zinatosha kuielewa.

Mwalimu wa nini, kama video zipo?

Video zenye mistari inayoshuka juu ya vitufe hukuonyesha kitufe gani, basi. Hazioni kifundo chako kimekauka. Mwalimu mzuri utamtambua kwa anakotazama: muda mwingi macho yake yako kwenye mkono na bega lako, si kwenye karatasi. Hukusimamisha kabla hujamaliza mstari, hukupa jambo moja la kubadilisha, na wiki inayofuata huanza kwa kuuliza jambo hilohilo. Anayekupa kurasa tano mpya kila wiki bila kugusa za zamani anauza kurasa. Mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London, yenye madaraja 1 hadi 8, inasaidia kwa kuwa ile ya Practical inakulazimisha kupiga skeli, lakini nimepokea wanafunzi wenye cheti cha daraja la 5 na kigasha kigumu kama mpini wa jembe.

Kama mwalimu hayupo karibu, jirekodi dakika mbili kila Ijumaa, simu ikiwa ubavuni, na ulinganishe na Ijumaa nne zilizopita. Nusu saa kila siku itakufikisha mbali kuliko saa nne za Jumamosi.

Na umeme ukikatika usifunge kinanda. Piga skeli zako juu ya vitufe visivyo na sauti, usikilize mgongano wa plastiki peke yake: tok, tok, tok. Hakuna sauti ya violini wala mwangwi wa kukuficha. Kidole kinachochelewa utakisikia gizani kuliko ulivyowahi kukisikia taa zikiwaka.